Ngomeni na Anga la Eksirei: Historia ya Majukwaa ya San Marco

Kati ya mwaka 1967 na mwaka 1988, setilaiti tisa zilirushwa kutoka kwenye jukwaa la chuma lililosimikwa baharini mbele ya Ngomeni, kiasi cha kilomita 30 kaskazini mwa Malindi, na zote tisa zilifika kwenye mizingo yake, yaani njia ambazo setilaiti huzifuata zinapoizunguka dunia. Masimulizi ya pwani ya Kenya hueleza kwa kirefu habari za majahazi, za Wareno na za masultani, lakini mara nyingi hulipita jambo hili kwa sentensi moja au mbili, kana kwamba lilikuwa shughuli ya wageni iliyotokea tu kufanyika katika bahari ya Wakenya. Upungufu huo unastahili kusahihishwa, kwa sababu tawi zima la elimu ya nyota, lile linalochunguza anga kwa mionzi ya eksirei, lilipata chombo chake cha kwanza cha kudumu kutoka katika maji hayo, na halingekipata kwa urahisi ule ule mahali pengine.

Aliyepachagua mahali hapo alikuwa Luigi Broglio, profesa wa uhandisi wa ndege katika Chuo Kikuu cha Roma na afisa wa Jeshi la Anga la Italia. Mwaka 1962 Italia ilikubaliana na NASA, shirika la anga za juu la Marekani, kwamba Wamarekani wangetoa roketi na mafunzo, na Waitalia wangeunda setilaiti, kuandaa uwanja wa kurushia na kuirusha kwa mikono yao wenyewe. Setilaiti ya kwanza, San Marco 1, ilirushwa na mafundi wa Kiitalia tarehe 15 Desemba 1964, lakini kutoka Wallops Island, Marekani, ikiwa ni hatua ya kujifunza. Nia ya Broglio tangu mwanzo ilikuwa ikweta.

Nia hiyo ilikuwa na sababu za kimaumbile. Dunia inapojizungusha, mtu aliyesimama kwenye ikweta husafiri kuelekea mashariki kwa mwendo wa takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea huko huondoka ikiwa tayari na mwendo huo, hivyo huweza kubeba mzigo mzito zaidi kwa fueli ile ile. Roketi iliyokuwepo, Scout, yenye hatua nne zilizotumia fueli yabisi, ilikuwa ndogo, na kila kilo iliyookolewa ilikuwa na thamani. Tena, mashariki mwa Ngomeni ni Bahari ya Hindi tupu, ambamo hatua za roketi zilizokwisha kazi zingeweza kuanguka bila kumdhuru mtu. Sababu ya tatu ilikuja kudhihirika zaidi baadaye: juu ya Brazili na Atlantiki ya Kusini, mkanda wa chembe zenye nishati kubwa unaoizunguka dunia hushuka karibu zaidi na ardhi na kuvuruga vipimo vya setilaiti, ilhali setilaiti inayozunguka sambamba na ikweta hupita pembezoni tu mwa eneo hilo.

Mipango ilianza Kenya ikiwa bado chini ya Waingereza, ikakamilika Kenya ikiwa huru. Jukwaa la kwanza, Santa Rita, lilikuwa limetumika awali katika kazi za mafuta, na mwaka 1964 roketi ndogo za uchunguzi, zile zinazopanda na kuanguka bila kuingia kwenye mzingo, zilirushwa kutoka hapo. Kisha likaja jukwaa la San Marco lenyewe, lililovutwa kwa meli hadi ghuba ya Ungwana na kusimamishwa kwa miguu ya chuma juu ya sakafu ya bahari, likiwa mahali pa kurushia, huku Santa Rita likibaki kuwa chumba cha kuongozea. Nyaya ziliunganisha majukwaa hayo mawili, na kambi ya nchi kavu ilijengwa Ngomeni, kati ya majirani waliokuwa wakiishi kwa uvuvi.

Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 iliruka. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kurushwa kutoka jukwaa la baharini, na kazi yake ilikuwa kupima uzito wa hewa nyembamba iliyo juu kabisa ya angahewa. Kifaa alichokibuni Broglio kwa kazi hiyo kilikuwa na wazo sahili: gamba la nje la setilaiti liliunganishwa na kiini cha ndani kwa vishikizo vinavyonyumbuka, ili hewa inapolisukuma gamba, tofauti ndogo ya mwendo kati ya gamba na kiini ipimwe, na kutokana nayo wingi wa hewa ukadiriwe. Ni kipimo cha ustadi mkubwa, kwa kuwa hewa ya huko ni haba kiasi kwamba kwa mahitaji ya kawaida ingehesabiwa kuwa haipo.

Hata hivyo, jina la Ngomeni liliingia katika historia ya sayansi kwa tukio la tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya iliadhimisha mwaka wa saba wa uhuru wake. Setilaiti iliyorushwa siku hiyo ilikuwa ya Marekani, na katika orodha za NASA iliitwa SAS-1. Marjorie Townsend, mhandisi aliyeusimamia mradi huo, aliipa jina la Uhuru kwa heshima ya nchi mwenyeji na ya siku yenyewe, na ni kwa jina hilo la Kiswahili wataalamu wa nyota wa dunia nzima wanaifahamu hadi leo.

Ili kuuelewa umuhimu wake, yafaa kukumbuka kwamba eksirei, mionzi ile ile inayopenya mwili hospitalini, haipenyi angahewa ya dunia, kwa hiyo darubini ya ardhini, hata ikiwekwa kilele cha mlima, haiwezi kuiona ile inayotoka kwenye nyota. Mwaka 1962 Riccardo Giacconi, mwanafizikia mzaliwa wa Italia aliyefanya kazi Marekani, pamoja na wenzake, waliligundua kwa roketi ndogo chimbuko la kwanza la eksirei nje ya mfumo wa jua, liitwalo Scorpius X-1. Lakini roketi ya namna hiyo hukaa juu ya angahewa kwa dakika chache tu kisha huanguka, na elimu iliyokusanywa kwa vipande vya dakika chache haikuweza kuonyesha mabadiliko yanayochukua saa au siku.

Uhuru iliondoa kizuizi hicho. Ilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi na vihesabio viwili vya eksirei vilivyotazama pande mbili zilizopingana, nayo ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa takriban dakika 12, ikilifagia anga ukanda baada ya ukanda. Hadi ilipokoma kufanya kazi mwezi Machi 1973 ilikuwa imetoa data ya orodha ya vyanzo 339 vya eksirei. Iligundua kwamba Centaurus X-3 hupigapiga kila baada ya sekunde 4.8, na tena hufichika kila baada ya siku mbili hivi, jambo lililoonyesha kuwa ni nyota mbili zinazozungukana: moja ya kawaida, na nyingine ya nutroni, yaani mabaki ya nyota iliyoporomoka hadi uzito unaozidi wa jua ukajazana katika tufe lenye upana wa kilomita 20 hivi, likivuta gesi ya mwenzake na kuipasha joto hadi itoe eksirei. Iligundua pia kwamba makundi ya galaksi yamejaa gesi ya joto kali ambayo darubini za mwanga wa kawaida hazikuwahi kuiona.

Zito zaidi lilikuwa suala la Cygnus X-1. Uhuru ilionyesha kwamba eksirei zake hubadilika katika sehemu ndogo ya sekunde, na kitu kinachobadilika upesi namna hiyo hakiwezi kuwa kikubwa, maana hata mwanga wenyewe huhitaji muda kukivuka. Mahali pake palipobainishwa kwa usahihi, wataalamu waliotumia darubini za ardhini walikuta hapo nyota kubwa ya buluu inayozungukana na mwenzake asiyeonekana kila baada ya siku 5.6, na uzito wa mwenzake huyo ulizidi ule ambao nyota ya nutroni inaweza kuuhimili. Hivyo ndivyo shimo jeusi, yaani kitu ambacho mvuto wake hauachi hata mwanga utoke, lilivyoanza kutoka katika milinganyo ya wananadharia na kuingia katika orodha za vitu vilivyochunguzwa. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Baada ya Uhuru zilifuata nyingine, zikiwemo San Marco 3 mwaka 1971, SAS-2 ya kuchunguza mionzi ya gama mwaka 1972, Ariel 5 ya Uingereza mwaka 1974 na SAS-3 mwaka 1975. Ya mwisho iliruka tarehe 25 Machi 1988. Setilaiti za kisayansi zilikuwa zimekua kupita uwezo wa Scout, na roketi hiyo yenyewe ilistaafishwa mwaka 1994. Broglio alifariki mwaka 2001, na kituo kikapewa jina lake. Tangu mwaka 2004 kinaendeshwa na Shirika la Anga za Juu la Italia, na antena zake za nchi kavu hazijanyamaza: hupokea data za Swift, setilaiti ya Marekani inayosaka milipuko ya mionzi ya gama, na hufuatilia roketi za mataifa mengine zinapopita juu ya Afrika.

Swali la nini Kenya ilipata haliwezi kuepukwa. Wakenya walifanya kazi kituoni, na Malindi ikawa mji ambao Kiitaliano husikika sokoni na hotelini, lakini setilaiti zilibuniwa Roma, Marekani na Uingereza, data zilichambuliwa huko huko, na kizazi kizima cha wanafunzi wa Kenya kilisoma fizikia bila kuhusishwa na uvumbuzi uliopitia katika ghuba yao. Huo ulikuwa upotevu mkubwa kuliko ule wa kodi ya ardhi uliozungumzwa zaidi. Mkataba uliotiwa saini na Kenya na Italia mwaka 2016 ulijaribu kuuziba kwa kutaja waziwazi mafunzo, data za kuitazama dunia kutoka angani na msaada kwa shirika la anga za juu la Kenya, ambalo liliundwa mwaka 2017.

Matunda ya kwanza yalionekana mapema. Mwezi Mei 2018 setilaiti ndogo ya 1KUNS-PF, mchemraba wa sentimita 10 kila upande uliotengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na chuo kile kile cha Broglio cha Roma na shirika la anga za juu la Japani, iliachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Tarehe 15 Aprili 2023 ilifuata Taifa-1, ya kupiga picha za ardhi kwa ajili ya kilimo na mazingira, na ingawa Kenya ina ufuo ulio karibu na ikweta ambao Broglio aliufuata kutoka mbali, Taifa-1 ilirushwa kwa roketi ya Falcon 9 kutoka Vandenberg, California.