Si mvivu: historia ya ukimya ndani ya skizofrenia

Leo ni zamu yangu ya historia, lakini sitaandika juu ya vita wala marais. Naandika juu ya ugonjwa ambao tunaishi nao hapa kambini.

Siku moja tulikuwa tunapita nyumba kwa nyumba, mama mmoja akaniambia: "Mwanangu, huyu kaka yako zamani alikuwa anajibu sauti ambazo sisi hatuzisikii. Alipoanza dawa, sauti zikapungua. Lakini sasa anakaa tu kwenye mkeka. Haogi, haongei, hacheki. Baba yake anasema ni mvivu." Nasema ukweli, hata mimi niliwaza hivyo hivyo. Ndiyo maana nikaenda kusoma.

Katika karne ya 19 kulikuwa na daktari Mwingereza, John Hughlings Jackson. Alifundisha kwamba ubongo ukiumia, kuna mambo yanayojitokeza na kuna mambo yanayopotea. Yanayojitokeza ni dalili chanya, yanayopotea ni dalili hasi. Hasi hapa haina maana ya "mbaya". Ni kama kwenye hesabu: kitu kimetolewa. Kusikia sauti ni chanya. Kuishiwa maneno, kukosa hamu, uso kutoonyesha furaha wala huzuni, kujitenga na watu, hizo ni hasi.

Mjerumani Emil Kraepelin aliwaona wagonjwa kama hao akaandika kwamba nguvu ya kutaka ndiyo inayodhoofika ndani yao. Mwaka 1908 Mswisi Eugen Bleuler akaupa ugonjwa jina la skizofrenia. Kwake yeye, sauti hazikuwa kiini cha ugonjwa. Kiini kilikuwa ndani zaidi, kwenye mawazo na hisia.

Halafu ikaja dawa. Mwaka 1952 kule Paris, Jean Delay na Pierre Deniker walianza kuwatibu wagonjwa kwa klorpromazini. Waliokuwa wanapiga kelele wakatulia. Ilikuwa hatua kubwa sana! Ila wengi walibaki kimya vilevile. Mwaka 1982 Mmarekani Nancy Andreasen alitoa kipimo cha kuzichunguza dalili hasi moja moja, maana kitu kisichopimwa kinasahaulika. Na mpaka leo hakuna kidonge kinachoziondoa vizuri.

Sasa hapa ndipo historia inatugusa sisi. Waingereza wawili, John Wing na George Brown, walifuatilia wagonjwa waliokaa miaka mingi katika hospitali tatu za akili. Kitabu chao kilitoka mwaka 1970. Waliona kwamba ukimya na kujitenga vilikuwa vikali zaidi pale ambapo mgonjwa anashinda bila kitu cha kufanya. Mahali maisha ya wodini yalipoboreshwa, wengine walipata nafuu. Huku Afrika, tangu mwaka 1954, daktari Mnigeria Thomas Adeoye Lambo alikuwa amewaweka wagonjwa wa Aro, Abeokuta, katika vijiji vya jirani pamoja na ndugu zao. Walitibiwa hospitalini, lakini waliishi kati ya watu.

Ndugu zangu, nani anajua kukaa bure kuliko sisi? Tunasubiri mgawo, tunasubiri karatasi, tunasubiri jina kuitwa. Mtu mzima wa akili anachoka. Je, yule ambaye ugonjwa umeshamnyang'anya hamu?

Basi tukikuta mtu kama huyo, tusimwite mvivu, wala tusikimbilie kusema amerogwa. Tumwambie, "Kaka, twende kuchota maji." Akikataa leo, turudi kesho. Kazi iwe ndogo na polepole, maana Wing aliona pia kwamba kumsukuma sana kunaweza kurudisha sauti. Asiachishwe dawa. Ila familia imweleze mhudumu wa kliniki juu ya huo ukimya, kwa sababu wakati mwingine unatokana na dawa yenyewe, au na huzuni, na hiyo inaweza kurekebishwa.

Yule kaka, sasa tunachota naye maji mara mbili kwa wiki. Haongei njiani. Juzi nilichelewa, nikamkuta amekaa mlangoni, dumu liko mkononi.