Mtakatifu Katarina Labouré
Katarina Labouré (2 Mei 1806 – 31 Desemba 1876) alikuwa mtawa Mfaransa wa Mabinti wa Upendo, shirika lenye asili kwa Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Mwaka 1830, akiwa mnovisi jijini Paris, alimweleza muungamishi wake kwamba ametokewa na Bikira Maria. Kutokana na njozi hizo, Medali ya Mwujiza, yenye sura ya Bikira Maria, ilichongwa mwaka 1832. Hata hivyo, utakatifu wake hausimami juu ya njozi bali juu ya ukimya. Medali zilienea kwa mamilioni huku yeye akihudumia wazee, jikoni, kwenye ufuaji na bandani kwa kuku, kwa zaidi ya miaka 40, wenzake wengi wasijue kwamba aliyetokewa ndiye yeye.

Wapo wanaosema ukimya huo unadhoofisha ushahidi wa njozi hizo, kwani uchunguzi wa Kanisa wa mwaka 1836 ulifanyika bila yeye kuhojiwa. Pingamizi hilo lina uzito kuhusu njozi, ambazo Kanisa halimlazimishi muumini kuzisadiki; haligusi maisha. Mtafuta sifa hanyamazi hadi uzeeni. Papa Pius XII alimtangaza mtakatifu mwaka 1947. Roho hiyo ya kuhudumu kimya ipo pia kusini mwa Tanzania. Katika Jimbo la Mbinga, lililomegwa kutoka Songea mwaka 1986 na kufika hadi mwambao wa Ziwa Nyasa, wapo masista wa Kivinsenti wenye asili ya Untermarchtal, Ujerumani: shirika ni jingine, lakini chemchemi ni ileile, kumtumikia maskini bila kupiga mbiu.