Kutu ya Bingwa

Ukifika Mwatate ukitokea Voi, ukaacha njia ya Taveta na kukunja kulia, mashamba ya mkonge yanabaki nyuma na barabara inaanza kujikunjakunja kuipanda Milima ya Taita. Ni kona juu ya kona. Hujaizoea gia ya pili, mlima unadai ya kwanza. Milima hii ilikuwa miongoni mwa vipande vilivyoogopwa vya mbio za magari za Safari, zilizokimbizwa wakati wa Pasaka, masika yamepamba moto na udongo mwekundu umegeuka uji. Nilikuja na gari la ukoo ule ule uliotamba Safari, Datsun 240Z, ambalo nimekaa nalo miaka tisa. Nilitaka kulipitisha njia ya wakubwa wake, na njiani nizitazame vizuri kasoro ambazo sifa za ushindi zimezifunika.

Safari ilianza 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1970 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyeishi Kenya, na mwelekezi wake Hans Schüller walishinda kwa Datsun 1600 SSS, gari la familia la milango minne. Mwaka uliofuata wakarudi na 240Z, wakashinda tena, na wa pili nyuma yao akawa Shekhar Mehta na 240Z nyingine. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland akaondoka na ushindi kwa Ford Escort. Kisha ikaja 1973, mwaka ambao Safari ilihesabiwa kwa mara ya kwanza katika ubingwa mpya wa dunia. Mehta, mara hii akiwa na mwelekezi Lofty Drews, alifungana pointi na Harry Källström wa Sweden, naye akiwa ndani ya Datsun 1800. Mehta akapewa ushindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kuguswa na adhabu. Alikuwa mzaliwa wa Uganda, na miezi michache tu kabla ya hapo Idi Amin alikuwa amewafukuza Waasia nchini humo. Nikikumbuka hilo, kombe lile naliona zito kuliko yote manne aliyotwaa baadaye.

Sifa za 240Z hazikuwa za kupewa. Injini yake ya silinda sita, 2,393 cc, ilitokana na ile ya silinda nne ya 1600, ikaongezwa mbili. Ni chuma kigumu kisicho na makuu. Kasoro zilikuwa pembeni ya injini, na ya kwanza ilinikamata Voi.

Nilisimama kunywa chai. Saa saba mchana, jua la utosi. Niliporudi, stata ikazunguka na injini ikakohoa bila kuwaka. Mzee aliyekuwa amekaa kivulini akaniita: “Mwanangu, acha kulipiga stata. Fungua boneti lipumue.” Nikafungua, nikangoja dakika ishirini, likawaka. Mzee hakubahatisha. Katika injini ile hewa huingia na moshi hutoka upande mmoja, na kabureta mbili zimekalishwa juu kabisa ya bomba la ekzosi. Likitembea, upepo huzipoza. Likisimama, joto lote hupanda juu na petroli huchemka. Kwenye mbio gari halikusimama muda wa kutosha kuonyesha udhaifu huo.

Ya pili husikika ukiondoka kwa nguvu: mlio mzito, ko!, chini ya viti. Difu imeshikwa kwa mbele na raba, na raba hiyo huchanika. Tena magari ya mwanzo yalikuwa na difu iliyokaa mbele mno, hivyo shafti zinazokwenda kwenye magurudumu ya nyuma hazikunyooka. Nissan, watengenezaji wa Datsun, waliirudisha nyuma kidogo mwaka 1971, jambo linaloonyesha kwamba waliitambua kasoro yao.

Moshi nao. Niliufahamu tangu wiki ya kwanza, nikadhani ekzosi imetoboka. Haikuwa imetoboka. Umbo zuri la mgongo wake, linaloteremka hadi mkiani, huacha mvutano wa hewa nyuma, na moshi wa ekzosi hurudi kupitia raba za mlango wa nyuma na mianya ya taa. Ukifungua dirisha ili upate hewa safi, ndivyo unavyozidi kuuvuta ndani. Mwendo mrefu unakupa kichwa kinachogonga, na hilo si la kupuuzwa, kwa sababu hewa ya ekzosi inaua. Nilibadilisha raba zote, sasa napumua. Taa kubwa pia zina lao: umeme wake wote hupita kwenye swichi ya usukani bila relei, nyaya zinapata moto, boksi la fyuzi linayeyuka taratibu.

Hizo zote fundi mwenye subira anazimaliza. Iliyobaki ndiyo iliyonipandisha hadi Wundanyi, mji wa milimani, na mashaka moyoni.

Safari ilikuwa mtihani wa siku chache, zaidi ya kilomita 5,000 za mawe, mito na vumbi, na mtihani huo ulifichua karibu kila kitu. Haukuweza kufichua kutu, maana kutu haina haraka. Bati la 240Z ni jembamba, na mikunjo yake ya ndani ilipata kinga ndogo mno. Chini ya sakafu kuna mihimili ya chesisi isiyo na pa kukauka. Juu ya sakafu kumebandikwa lami ya kuzuia kelele, na maji yakiingia chini yake hayatoki. Betri ikivuja tindikali, kikalio chake huliwa hadi ukaona ardhi. Marekani, ambako gari hili liliuzwa kwa maelfu mengi, chumvi ya barabara za baridi iliyamaliza magari ambayo injini zake zilikuwa bado changa. Gari lile lile lililoshinda 1971 Nissan wamelihifadhi Zama, Japani, chini ya paa. Mengine yalilala nje.

Wundanyi nilifika jioni, mvua imetoka kunyesha. Niliegesha chini ya mgrevilea, nikafungua boneti, nikatazama mahali ambapo miaka tisa nilikuwa nikipapita tu: mfereji ulio chini ya kioo cha mbele, unaopokea mvua na kuishusha kupitia vitundu nyuma ya madigadi. Niliingiza vidole. Nikatoa majani yaliyooza, sindano za msonobari, na udongo mweusi wenye chembe za rangi ya chungwa zilizokwangua ngozi. Nikaingiza waya wa kuanikia nguo, nikasukuma. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha nikasikia maji yakichuruzika ndani ya digadi, yakaanza kudondoka karibu na mlango, mekundu, na yaliendelea kudondoka hadi giza likaingia.