Ulaji wa Mafuta na Ufanisi wa Injini

Wapo wafasiri wanaoandika "uchumi wa mafuta" wanapotaka kueleza gari linakwenda umbali gani kwa lita moja. Msomaji akikutana na maneno hayo hufikiria visima, meli na bei ya pipa. Madereva na mafundi wana neno lao tangu zamani: gari hili linakula sana, lile halili. Istilahi na iwe ulaji wa mafuta.

Ila ulaji usichanganywe na ufanisi. Ufanisi ni kazi ambayo injini huipata katika mafuta inayoyachoma. Ulaji ni mafuta yanayokwisha gari likienda umbali fulani. Ufanisi unaweza kupanda na ulaji usipungue, na Marekani imeyaona hayo.

Nchi za Kiarabu zilipoinyima Marekani mafuta mwaka 1973, Bunge lake lilipitisha sheria mwaka 1975 ya kuwabana watengenezaji. Magari mapya ya mwaka huo yalikwenda wastani wa kilomita 5.6 kwa lita. Ya mwaka 1987 yalifika 9.4. Sehemu ya nafuu hiyo ilitokana na kupunguza uzito na nguvu: wastani wa nguvu farasi 137 ulishuka hadi karibu 100 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kisha mafuta yakawa rahisi, sheria ikalegea. Kabureta ikaondoka, ikaja mitambo ya kompyuta inayopima mafuta ya kila silinda. Valvu mbili za silinda zikawa nne. Injini zikazidi kuwa bora. Hata hivyo, mwaka 2004 wastani ulikuwa umerudi kilomita 8.2, na nguvu farasi zilikuwa zimefika 211. Kazi nzuri ya wahandisi ilimezwa na uzito na mbio, na hilo linasikitisha.

Nguvu nayo haipimwi kwa ukubwa wa injini. Ford Model T ya mwaka 1908 ilikuwa na injini ya lita 2.9 iliyotoa nguvu farasi 20. Miaka mia moja na kidogo baadaye, Ford hiyohiyo ilitoa injini ya lita moja, silinda tatu na tabo (turbo), yenye nguvu farasi zaidi ya 120.

Kwa hiyo, wafasiri na wahariri, tuandike ulaji tunapozungumzia gari na safari yake, ufanisi tunapozungumzia injini. Na wewe unayenunua gari, usiishie kuuliza sisi (cc) ngapi, yaani ukubwa wa injini. Uliza pia nguvu farasi, na kilomita kwa lita.