Leva, Nduthi na Kidole cha Cuzo

Wasee, mwezi uliopita cuzo wangu alivunjika kidole kidogo cha mkono wa kushoto, na hata hakuanguka. Alikuwa anapenya katikati ya magari kwenye foleni kama kawaida yake. Kioo cha gari la mtu kikagonga ncha ya leva ya klachi, leva ikarudi kwa nguvu, kidole kikafinywa katikati ya leva na mpini. Akakaa wiki sita bila kubeba mtu, na nduthi yenyewe bado ni ya mkopo. Mkopo haujui habari ya plasta.

Nilimwambia angefunga kinga za mikono, zile unaona kwenye pikipiki za mashindano ya matope. Alinicheka hadi mama yake akatoka nje kuangalia. "Hizo ni urembo wa watu wako na pesa." Sikumjibu, lakini nilienda kutafuta zilitoka wapi. Na sasa nina maneno.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka wa 1896 mvumbuzi anaitwa Ernest Bowden alipata hataza ya waya unaopita ndani ya mrija, ule ule unaovuta breki ya baiskeli yako mpaka leo. Waya wa aina hiyo unapinda bila shida, kwa hivyo leva inaweza kukaa popote kwenye usukani. Kwenye pikipiki nyingi za zamani, leva ilishikiliwa mwishoni kabisa mwa usukani na ncha yake ikaelekea ndani, kwa dereva. Tafuta picha za enzi zile, utadhani fundi alifunga akiwa usingizini. Lakini fikiria: ukipita karibu na mti au ukuta, hakuna ncha ya kunasa.

Baadaye zikageuzwa, shina likawa ndani na ncha ikaangalia nje, vile tunazijua. Tangu hapo, pikipiki ikilala, ncha ya leva ni kati ya vitu vya kwanza kusalimia ardhi. Kale kadonge kako mwishoni mwa leva si ka urembo pia. Kamewekwa ili ikikugonga isikuingie kama mkuki. Na kuna leva zinazokatwa kamfereji karibu na ncha makusudi, ili zikivunjika zivunjike hapo, ubaki na kipande cha kukufikisha nyumbani. Yaani watengenezaji wenyewe wanajua itavunjika!

Waliojua hilo kwa uchungu zaidi ni watu wa mashindano ya siku sita, yaliyoanza 1913 huko Carlisle, Uingereza. Unaendesha siku sita porini na milimani, na kitu kikiharibika unatengeneza wewe mwenyewe kwa vifaa ulivyobeba. Ukivunja leva ya klachi na huna nyingine, na njia ni mawe na kupanda tu, siku yako imekuwa ndefu sana. Mwaka wa 1964 yalifanyika Erfurt, Ujerumani Mashariki, na Steve McQueen, yule staa wa sinema, aliendesha katika timu ya Marekani. Alianguka, hakumaliza. Sisemi ni leva ilimtoa. Nasema porini hakumwangalii mtu usoni.

Kinga za mikono zina ukoo mbili, na hapa ndipo watu wengi wanachanganyikiwa, mimi nikiwa wa kwanza. Ukoo wa kwanza ni wa msituni. Huko adui ni shina la mti, kwa hivyo dawa ni chuma: kipande cha aluminiamu kinachotoka mwisho wa usukani, kinazunguka mbele ya vidole na leva, kisha kinafungwa tena upande wa ndani. Kuna kampuni ya Australia inaitwa Barkbusters, yaani wavunja magome, na jina lenyewe linakuambia zilikuwa za kazi gani.

Ukoo wa pili ni wa kuzuia vitu vinavyoruka: mawe, matope, matawi madogo, baridi. Hapo ni plastiki. Mwaka wa 1973 Franco Acerbis alianzisha kampuni ya plastiki huko Albino, karibu na Bergamo, Italia, na kinga za mikono ni kati ya vitu vilivyoijengea jina. Miaka michache baadaye, Desemba 1978, mbio za kwanza za Paris hadi Dakar ziling'oa nanga. Cyril Neveu akashinda kwa pikipiki akiwa na Yamaha XT500. Maelfu ya kilomita za changarawe na mchanga, na mikono yako iko mbele kabisa.

Sasa sikia. Plastiki iliyoshikwa upande mmoja tu inazuia jiwe na upepo, lakini pikipiki ikilala inapinda na leva inavunjika vile vile. Na karibu zote nilizoona Kirinyaga Road zilikuwa hizo. Kwa hivyo cuzo alikuwa na ukweli nusu, na inaniuma kuandika hivyo.

Chuma nacho kina ubishi wake. Kuna madereva wanaogopa mkono kunaswa humo wakianguka, ndiyo maana kinga lazima iache nafasi ya mkono kutoka. Wazoefu pia hawakazi skrubu za leva kabisa. Wanaiacha iwe inaweza kuzunguka kidogo ikigongwa. Hiyo ni bure, fanya leo jioni.

Na usidhani ni mambo ya porini pekee. Hata MotoGP, kwenye lami safi, kinga ya leva ya breki ni sharti, kwa sababu ukiguswa tu na mwenzako breki ya mbele inaweza kushika. Kule Misano mwaka wa 2018, kwenye Moto2, Romano Fenati alinyoosha mkono akashika leva ya breki ya Stefano Manzi wakiwa kwa kasi ya zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Manzi hakuanguka. Fenati alifutwa na timu yake.

Nilimwonyesha cuzo hiyo video. Akaangalia mara tatu, akaangalia kidole chake, akauliza bei.

Tumeenda kwa fundi wa jua kali anayechomelea mageti, tukampa kipimo. Amekunja chuma bapa, akatoboa mwisho wa usukani, akafunga. Si maridadi, lakini nimekivuta kwa mikono miwili na hakitikisiki. Ni upande wa kushoto pekee kwa sasa, pesa iliishia hapo. Wa breki tutafunga mwisho wa mwezi.