Kuvaa Vizuri kwa Fedha Chache: Habari za Merikani, Kanga na Mitumba

Watu wengi hudhani ya kuwa neno mtumba limezaliwa juzi sokoni, pamoja na marundo ya mashati yaliyokwisha kuvaliwa Ulaya. Sivyo. Katika siku za misafara, mtumba ulikuwa mzigo wa nguo uliofungwa kwa kukazwa, mrefu mfano wa mto wa kulalia, nao ulichukuliwa begani na mpagazi kutoka pwani mpaka bara. Uzito wake ulikuwa kadiri ya frasila 2, yaani ratili 70. Na nguo iliyokuwamo ndani yake, mara nyingi, ilitoka Marekani. Basi mtu wa Nyakato anunuaye leo shati la Marekani katika mtumba, hafanyi jambo geni katika nchi hii.

Nayaandika haya kwa sababu husikika watu wakisema ya kwamba maskini hajui kuvaa ila kuiga wenye mali. Historia ya mavazi ya Afrika ya Mashariki yasema kinyume chake.

Mwaka 1833 Sayyid Said aliandikiana mkataba wa biashara na Marekani. Merikebu za mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, zikawa zinakuja Unguja kutafuta pembe, sandarusi na ngozi, nazo zikaleta nguo ya pamba ngumu isiyopaushwa. Watu wakaiita merikani kwa jina la nchi yake. Ilikuwa nguo ya kudumu, tena ilikuwa kama fedha: ilipimwa kwa mkono, mikono 4 ni shuka moja, na shuka 2 ni doti. Vita vya Wamarekani wao kwa wao vilipoanza mwaka 1861, pamba ilikatika, na nguo za Uingereza na Bombay zikaingia mahali pake. Walakini jina la merikani halikuondoka. Msafiri Burton, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1860, aliona ya kuwa kila nchi ya bara ilikuwa na shanga zake na nguo zake inazozitaka, hata mfanyabiashara aliyeleta namna isiyopendwa aliweza kurudi na hasara. Hao ndio watu walioambiwa na wengine ya kuwa hupokea cho chote!

Huko Unguja merikani ilikuwa na uchungu wake. Ndiyo iliyokuwa nguo ya watumwa. Mtumwa alijulikana kwa mavazi kabla hajafungua kinywa: mwanamume hakuvaa kofia wala viatu mbele ya bwana wake, na mwanamke alijifunga kipande cha merikani au cha kaniki, bila ushungi. Basi ilipotolewa amri ya kukomesha utumwa, tarehe 6 Aprili 1897, watu walioachwa huru hawakuwa na mashamba wala fedha nyingi, lakini nguo waliweza kuibadili. Wanawake waliichovya merikani katika nili ikawa nyeusi, au waliipiga chapa za maua. Wakajifunika vichwa, jambo walilokatazwa kwanza. Nguo ni ile ile, bali aliyeivaa ametia rangi yake mwenyewe. Yafaa tufikiri ilikuwa furaha gani kwa mama kupita njiani na ushungi wake, na yule aliyekuwa bibi yake akimtazama. Wako wanaouita upuuzi wa wanawake. Mimi siwezi kuuita hivyo.

Kisha ikaja kanga, na hapa ndipo penye akili kubwa zaidi. Katika karne ya 19 ziliuzwa madukani leso za rangi, vitambaa vya mraba vilivyofanywa kwa ajili ya mkononi au kichwani. Zilitoka kiwandani zikiwa zimeshikana katika jora, na mwenye duka huzikata moja moja. Yasemwa ya kuwa wanawake wa pwani walimwambia asizikate. Walinunua leso 6 kwa pamoja, wakaigawa nguo sehemu mbili za leso tatu tatu, wakaziunga ubavu kwa ubavu. Ikapatikana nguo moja pana yenye pindo pande zote, isiyofanana na nguo yo yote iliyouzwa dukani, na fundi hakulipwa. Hata leo nguo ile huitwa leso huko Mombasa. Wafanyabiashara walipoona hivyo, wakaagiza viwanda vya ng'ambo viipige chapa nguo nzima kwa mfano ule. Jina la kanga, kama watu wasimuliavyo, likatokana na madoadoa meupe kama ya ndege kanga. Angalia, basi, ni nani aliyemfundisha mwenzake: kiwanda cha Ulaya kilimwiga mwanamke wa pwani mwenye sindano na uzi.

Kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili. Kimoja hufungwa kiunoni, kingine hujitandwa. Haina kipimo cha mtu, kwa hiyo humfaa binti na mamaye. Hubeba mtoto, hufunika mgonjwa, na ikichakaa hukatwa nepi. Na maneno yake, yaliyoandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa herufi za Kirumi, humwezesha mwenye fedha chache kusema na jirani bila kugombana. (Wengine hugombana vivyo hivyo.)

Huku kwetu ziwani nguo zilichelewa. Wazee wa Wakurya, Wazanaki na Wajita walivaa ngozi zilizolainishwa. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli za ziwa zikachukua robota za nguo mpaka bandari za kando, Musoma miongoni mwake. Pamba ilipoanza kulimwa kwa kuuzwa, fedha za pamba zilirudi dukani kununua pamba iliyofumwa mbali.

Ili kuukata mzunguko huo, Tanzania ilijenga viwanda vyake. Mwaka 1968 kilifunguliwa cha Urafiki, Dar es Salaam, kwa msaada wa China. Mwanza ikapata Mwatex, na Musoma Mutex. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, alipendelea kuvaa suti nyepesi isiyo na tai, iliyoitwa kwa jina la Chou En-lai, nayo ikawa vazi la makarani na walimu: fundi wa barazani aliweza kuishona, na shati zuri la ndani halikuhitajiwa.

Lakini viwanda vilidhoofika, na baada ya mwaka 1984, biashara ilipoanza kufunguliwa, mitumba ikajaa. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba kufikia 2019. Marekani ikatishia kuwanyima nafuu ya ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma, Rwanda ikasimama, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafuu hiyo. Siwezi kusema ya kuwa Rwanda ilikosea. Wala siwezi kumwambia mjane mwenye watoto watano anunue shati jipya dukani.

Mtazame mama huyo penye rundo. Huanza na ukosi, kwani ndio uchakaao kwanza. Kisha huivuta mishono ya kwapa, huligeuza shati ndani nje, hulinyanyua juani aone kama kitambaa kimeliwa. Akilipata lililo pana, hulipeleka kwa fundi wa cherehani, naye hulifumua, hutoa mawili ya watoto, na mabaki ya mikono hufanya mifuko.