Mwongo na Nairuzi: Hesabu ya Siku katika Mwaka wa Mkulima wa Pemba

Katika mji wa Mkoani, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Pemba, nyakati huhesabiwa kwa njia tatu. Meli zitokazo Unguja hufuata tarehe za Kizungu. Ramadhani na Idi hufuata mwezi mwandamo. Na wakulima wa mpunga pamoja na wavuvi wamerithi hesabu ya siku ianziayo Nairuzi, yaani Siku ya Mwaka.

Hesabu hii ya tatu ilizaliwa na haja. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, na Ramadhani huizunguka misimu yote katika miaka ipatayo 33. Hauwezi kumwambia mkulima lini masika yatawadia. Kwa hiyo siku za mwaka wa jua zilipangwa kwa makumi, na kila kumi likaitwa mwongo. Miongo 36 hufanya siku 360. Zikiongezwa 5, mwaka hutimia, na mkesha wa mwaka mpya huitwa kibunzi. Miezi haimo. Mwongo hutajwa kwa jumla ya siku: wa ishirini, wa mia, wa mia mbili na hamsini.

Asili ya maneno haya mawili ni tofauti. Nairuzi ni neno la Kiajemi, lenye maana ya siku mpya, lililopitia Kiarabu. Mwongo ni la Kibantu: kwa maana ya ishirini, Wagiriama husema mirongo miiri na Wakamba miongo ili. Kiswahili kilipoazima ishirini, thelathini na wenzao kutoka Kiarabu, mwongo lilipoteza kazi yake sokoni, likabaki shambani na baharini. (Asemaye uongo ni mwongo mwingine kabisa, wingi wake ni waongo.)

Wako waliouchukua mwaka huu kuwa hati ya ukoo, wakidai kwamba Washirazi waliuleta kutoka Uajemi. Kisiwani Pemba, ambako wenyeji wengi walijiita Washirazi, dai kama hilo halikuwa la kitaaluma tu, hasa katika siasa za miaka ya 1950. Uchunguzi wa DNA ya makaburi ya pwani uliochapishwa mwaka 2023 umeonyesha kwamba asili ya Kiajemi si hadithi tupu. Hata hivyo, damu na kalenda si lazima zisafiri katika jahazi moja. Kalenda ya kale ya Kiajemi ina miezi 12 ya siku 30, na kila siku ina jina lake. Hesabu ya miongo inafanana zaidi na ya mabaharia: Ahmad ibn Majid, nahodha wa karne ya 15 kutoka Julfar, alizitaja nyakati za safari kwa idadi ya siku za Nairuzi, na watu wa Ghuba wanayo hesabu yao ya makumi, ianziayo kwa kuonekana kwa nyota ya Suheili. Yaelekea hesabu ililetwa na pepo za msimu, mwenyeji akaipa neno lake.

Lililo zito zaidi ni robo ya siku. Mwaka wa jua una siku 365 na karibu robo; mwaka wa Nairuzi una 365 kamili, hivyo hurudi nyuma siku 1 kila miaka 4. Edward Steere, katika kitabu chake cha mwaka 1870, aliiweka Siku ya Mwaka mwishoni mwa Agosti. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja, sasa huadhimishwa Julai. Tofauti inakaribia miongo minne. Mkulima wa leo angeufuata mwongo wa kupandia uliotajwa na mababu wa wakati wa Steere, mbegu yake ingekuwa ardhini zaidi ya mwezi mzima kabla ya mvua yake. Basi namba hizo haziwezi kuwa za kale: katika kila miaka 40 hivi, ilibidi wazee wasogeze kila kazi mwongo mmoja mbele.

Mbona hawakuongeza siku moja kila mwaka wa nne? Siku 365 ni majuma 52 na siku moja. Mwaka ulioanza Jumatatu hufuatwa na ulioanza Jumanne, na baada ya miaka 7 mzunguko hurudi ulipoanza. Kwa kanuni hiyo mzee asiye na karatasi aliweza kuisahihisha hesabu yake kwa vidole. Siku moja ya ziada ingeivuruga.